Programu Inapojengwa Kwenye Seva Yenye Ulinzi Mkali: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Msimbo ukiwa ule ule, kitakachojengwa, yaani programu inayotokana nao, kitakuwa kile kile.

Ukweli: Sivyo. Kila mashine ya Linux ina mpangilio uitwao umask, ambao huamua ruhusa za faili mpya. Umask ikiwa 022, faili ya kawaida hupata ruhusa 644, na kila mtumiaji anaweza kuisoma. Msimamizi wa seva akiikaza hadi 077, faili hiyo hupata 600, na mwenye nayo tu ndiye anayeisoma. Git, zana ya kuhifadhi matoleo ya msimbo, haiokoi hali, kwa kuwa huhifadhi tu iwapo faili inaweza kutekelezwa, na ruhusa nyingine huziachia mashine inayopakua msimbo. Amri ya COPY ya Docker, zana ya kufungasha programu katika kontena (mazingira yake yaliyotengwa), nayo huziingiza faili ndani ya kontena na ruhusa hizo hizo, zikiwa mali ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Basi programu inayoendeshwa na mtumiaji wa kawaida hukataliwa kusoma faili yake yenyewe ya usanidi, ilhali kontena lililojengwa kwenye kompyuta ya mwandishi wake linafanya kazi vizuri. Hitilafu hii inachosha mno kuitafuta, maana hakuna hata mstari mmoja wa msimbo uliobadilika.

Dhana: Dawa yake ni kulegeza ulinzi wa seva.

Ukweli: Huko ni kuhatarisha mahali panapohitaji ulinzi kuliko pengine pote. Shambulio la kimtandao dhidi ya kampuni ya programu ya SolarWinds, lililogunduliwa Desemba 2020, lilipenyezwa katika hatua ya ujenzi wa programu. Kinachopaswa kurekebishwa ni maelekezo ya ujenzi: ruhusa zitajwe waziwazi, kwa mfano kwa `install -m 0644`, na kifurushi cha tar (faili nyingi zilizofungwa pamoja) kitengenezwe kwa `--owner=0 --group=0`, ili faili zisibaki na jina la mtumiaji aliyezijenga. Kuandika `umask 022` mwanzoni mwa skripti hakutoshi, kwani faili zilizokwisha kupakuliwa hubaki na ruhusa zake za awali.

Dhana: Kontena hutenga kila kitu.

Ukweli: Kontena hutumia kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya mashine mwenyeji. Mwenyeji akiwashwa katika hali ya FIPS, inayoruhusu tu mbinu za usimbaji zilizoidhinishwa na serikali ya Marekani, kontena huliona hilo, na skripti inayotumia MD5, mbinu ya zamani isiyoidhinishwa, kwa kuzipa majina faili za muda tu inaweza kukwama. Ndiyo maana tangu toleo la 3.9 lugha ya Python ina `usedforsecurity=False`, ya kutamka kwamba mbinu hiyo haitumiki kwa usalama. Mock, zana ya kujengea vifurushi vya Fedora (aina ya Linux), huificha SELinux, mfumo wa ulinzi wa kerneli, ya mwenyeji ili ujenzi usiione kabisa.

Dhana: Ujenzi ukiisha bila kosa, mambo yako sawa.

Ukweli: Mara nyingi umask kali haileti kosa lolote wakati wa ujenzi. Jenga mara mbili, kwa umask tofauti, kisha linganisha SHA-256 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili) za matokeo. Ukaguzi wa Debian, aina nyingine ya Linux, wa ujenzi unaorudiika (unaotoa matokeo yale yale kila mara) umekuwa ukibadilisha umask kati ya 0022 na 0002 kwa ajili hiyo hiyo, na matokeo yakitofautiana, zana ya diffoscope huonyesha ni faili gani na ni ruhusa ipi.