Uduvi, mayai ya samaki na kinyesi: mlo wa matumbawe ya tangini

Tumbawe ni mnyama, tena lina mdomo. Hilo husahaulika upesi kwa kuwa sehemu kubwa ya shibe yake hutoka kwa mwani mdogo mno uishio ndani ya mwili wake, unaotengeneza sukari kwa mwanga. Mwenye tangi la kufugia matumbawe hununua taa ya ghali akaona kazi imekwisha. Lakini sukari haijengi mwili. Ili likue, tumbawe linahitaji naitrojeni, fosforasi na mafuta, na ndiyo maana usiku hunyoosha minyiri yake yenye seli za kuchoma na kuwinda.

Kwetu Malindi chakula hicho kimejaa sokoni. Mimi huanza na uduvi. Wakiwa wabichi, waoshe tu. Wakiwa wakavu, warowanishe kwenye maji baridi na uyamwage maji hayo mpaka chumvi na vumbi viishe. Matumbawe ya vinywa vipana, kama Lobophyllia na Trachyphyllia, humeza uduvi mzima. Tubastraea, lile la rangi ya machungwa, halina mwani wowote wa kulisaidia, kwa hiyo kila kinywa chake sharti kilishwe, kimoja kimoja. Ni kazi ya uvumilivu, na asiye na nafasi hiyo asilifuge.

Mayai ya samaki muombe mchuuzi wakati anapopasua samaki. Yachambue kutoka kwenye utando, yasuuze kwenye kitambaa, kisha yagandishe kwa vipande vidogo. Yana mafuta mengi na matumbawe huyapokea vizuri sana.

Acropora, tumbawe la matawi, ni habari nyingine. Kinywa chake ni kidogo mno, na uduvi utaozea juu yake. Hili lipe artemia, vijidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba, waliototolewa siku hiyohiyo, wenye urefu wa karibu nusu milimita. Mayai yao huanguliwa kwa takriban siku moja kwenye maji ya chumvi yenye joto na hewa ya pampu, na joto letu linatosha bila hita. Artemia si wageni huku: waliletwa kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi miaka ya 1980. Usiwaweke hadi kesho, maana akiba ya kiini waliyozaliwa nayo huisha ndani ya saa chache.

Chakula ninachokithamini kuliko vyote hakinunuliwi: kinyesi cha samaki. Baharini samaki wadogo hulala katikati ya matawi ya matumbawe. Matamvua yao hutoa amonia, mkojo wao huleta fosforasi, na kinyesi hunaswa na polipu, yaani vijinyama vyenye vinywa vinavyounda tumbawe. Samaki wachache walioshiba watalisha Acropora yako kuliko chupa nyingi za dukani.

Kiini cha yai la kuku na unga wa ngano viache jikoni. Huchafua maji tu. Sukari wengine huitia kidogo ili bakteria waongezeke, nao waliwe na matumbawe. Inafanya kazi, ila bakteria hao hula oksijeni, na tangi lisilo na kichujio cha povu, kile kinachotoa uchafu kwa mapovu ya hewa, linaweza kuua samaki usiku.

Lisha baada ya taa kuzimwa, minyiri ikiwa nje. Washibishe samaki kwanza wasipore, zima pampu kwa robo saa, kisha dondosha chakula kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Msimu wa joto, Machi na Aprili, usipunguze mlo. Joto la 1998 lilipausha matumbawe ya Malindi na Watamu, yaani lilifukuza ule mwani. Mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi Hawaii walionyesha kuwa Montipora capitata lililopauka liliongeza kula na hivyo likarudisha akiba yake ya nishati. Tumbawe lililopauka tangini linahitaji chakula hasa wakati huo.

Pima fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, kila wiki. Ikivuka miligramu 0.1 kwa lita, punguza mayai kwanza, kisha uduvi.