Asiyeamini na jamaa zake Wakristo: mambo ya kukubaliana kabla ya siku ya shughuli

Kijana wa Tabata, Dar es Salaam, aliyeacha kwenda kanisani anaweza kuishi na mama yake miaka mingi bila kuvunjiana heshima. Mama anaombea chakula, yeye ananyamaza, wali unaliwa. Nyumba huwaka siku ya kumbatiza mtoto, siku ya kupeleka posa, au siku ya msiba. Ubishi wa kama Mungu yupo unaweza kuahirishwa hadi mwakani. Ubatizo una tarehe, harusi ina kamati na michango imeshaanza kukusanywa, na maiti haingoji. Kwa hiyo tutafuata shughuli zenyewe, kwa sheria za Tanzania Bara, tukionyesha wapi watu hukwama na kwa nini.

Kwanza majina. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania dini zao, hivyo hakuna hesabu rasmi ya wasioamini, na wengi wao hawajulikani hata na majirani. Mtaani wote hutiwa kapu moja la "wapagani". Ndani ya kapu hilo yumo anayesema hakuna Mungu, yumo asiye na hakika, yumo anayeamini Mungu lakini amechoshwa na kanisa, na yumo anayefuata mila za mababu. Mzazi aliyeambiwa "mimi siendi tena jumuiya" akasikia "mimi namkana Mungu" ameshaanza ugomvi ambao mwanawe hakuuleta. Muulize maana yake kabla ya kuwaita wazee wa kanisa.

Katiba ya 1977 inalijibu jambo hili mapema. Ibara ya 3 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Ibara hiyohiyo inalinda kazi ya kutangaza dini na kufanya ibada. Mama anayo haki ya kumwalika mwanawe kanisani, na mwana mtu mzima anayo haki ya kukataa. Kumfungia mtu mzima chumbani ili "aombewe pepo limtoke" ni kosa la jinai, hata wafanyao hivyo wawe wazazi wake na nia yao iwe njema.

Kizimbani

Shahidi huulizwa jina, umri, kazi, anapoishi na dini. Wasioamini wengi hapo hushikwa na woga, wakajibu "Mkristo" kwa kuwa walibatizwa utotoni, kisha wakaapa kwa Biblia. Hakuna haja. Sheria ya Viapo na Matamko Rasmi, Sura ya 34, inasema wazi kwamba asiye na imani ya dini anaweza kukataa kuapa kwa sababu hiyo, na badala yake akatoa uthibitisho, yaani ahadi rasmi ya kusema kweli bila kumtaja Mungu. Nguvu ya uthibitisho ni sawa na ya kiapo, na adhabu ya kusema uongo ni ileile, kifungo cha hadi miaka 7. Mwambie karani kabla hujaitwa: "Sina dini, nitathibitisha." Usiseme tu "siapi", maana mahakama inahitaji kujua sababu, na ushahidi uliotolewa bila kiapo wala uthibitisho huishia kufutwa kwenye kumbukumbu. Kwenye hati ya kiapo, mwambie wakili aandike "nathibitisha". Hati inayokuita Mkristo wakati si Mkristo inampa wakili wa upande wa pili pa kushika.

Ndoa

Hapa ndipo machozi mengi yalipo, na sehemu kubwa hutokana na watu kuchanganya sheria ya nchi na sheria ya kanisa.

Kwa nchi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila, na zote zina hadhi sawa. Ndoa ya bomani hufungwa mbele ya msajili. Wahusika hutoa taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi alilete, na siku ya kufunga wanahitajika mashahidi wasiopungua wawili. Wazazi Wakristo huiogopa kwa kudhani inampa mume nafasi ya kuongeza mke. Sheria inaichukulia ndoa hiyo kuwa ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mzazi akilijua hilo mapema, nusu ya hofu huondoka.

Nusu iliyobaki ni ya kweli na asiyeamini asiidharau. Mkatoliki akifunga ndoa bomani bila ruhusa ya kanisa, kanisa lake halimhesabu kuwa na ndoa, na hawezi kupokea komunyo. Mchumba anayemwambia "tufunge bomani, yaishe" anamwomba aache kitu anachokipokea kila Jumapili. Ipo njia ya katikati, na wengi hawaijui. Kama asiyeamini hakuwahi kubatizwa, Kanuni za Kanisa Katoliki za 1983 zinaruhusu ndoa kanisani kwa ruhusa maalumu ya askofu. Mkatoliki hutamka kwamba atafanya awezavyo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika imani yake, na mwenzake huarifiwa juu ya ahadi hiyo. Yeye mwenyewe halazimiki kuitoa. Kama asiyeamini alibatizwa Mkatoliki na ameitupa imani hadharani, kanisa bado linamhesabu kuwa wake, na kinachohitajika ni kibali cha askofu. Vyovyote vile, pa kuanzia ni kwa paroko, tena kabla ya kulipia ukumbi. Kinachoharibu mipango ni bwana harusi kuficha, akapita mafundisho ya ndoa akiitikia kila kitu, halafu ukweli ukatoka wiki ya send-off.

Makanisa mengi ya kilokole hayana njia hiyo. Hushikilia 2 Wakorintho 6:14, "Msifungiwe nira pamoja na wasioamini", na mchungaji akikataa kufungisha yuko ndani ya haki yake. Hapo bomani ndiyo njia, na kamati inaweza kupanga ibada ya shukrani ya familia siku nyingine bila kumbebesha asiyeamini maneno ya kiapo asiyoyaamini.

Wapo pia walioana wote wakiwa waumini, kisha mmoja akaacha. Maandiko yanayoanzia 1 Wakorintho 7:12 yanamtaka Mkristo asimwache mwenzi asiyeamini aliye radhi kukaa naye, na ni ajabu mistari hiyo inavyosahaulika kwenye vikao vya wakwe. Kisheria, kubadili dini kunaweza kutajwa kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika pale tu ambapo wote walikuwa imani moja walipooana na sheria za imani hiyo zinavunja ndoa kwa sababu hiyo. Tena talaka haifunguliwi mahakamani moja kwa moja. Kwa kawaida shauri hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Yapo mabaraza ya kidini na yapo ya kata, na wanandoa wasio tena waumini wa kanisa moja hufaa waende la kata, ili mmoja asijione anahukumiwa ugenini.

Watoto

Andikeni makubaliano kabla mimba haijaonekana. Ukurasa mmoja unatosha: mtoto atabatizwa au atangoja, nani atampeleka Sunday school, ataambiwa nini akiuliza mbona baba hasali. Karatasi hiyo haimfungi hakimu, ila inazuia bibi kumchukua mtoto kwa siri siku ya Jumamosi na kumrudisha amebatizwa. Kanisa Katoliki hutaka ridhaa ya mzazi mmoja angalau, au mlezi anayeshika nafasi yake, na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Bibi peke yake, wazazi wakiwa hai na wanapinga, hatoshi. Wazazi wakifikishana mahakamani kwa malezi, kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Dini ya mzazi, au kukosa kwake dini, havimpi ushindi wala havimpokonyi.

Na kijana wa miaka 15 anayegoma kwenda mafundisho ya kipaimara? Mzazi bado ndiye mlezi na anaweza kuweka taratibu za nyumba. Asichoweza ni kumkatia ada au chakula, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa wajibu wa kumtunza na kumsomesha, na inampa mtoto haki ya kusikilizwa. Likifika huko, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Kwa maoni yetu, kipaimara kilichopatikana kwa fimbo hakimfaidii hata askofu aliyekitoa.

Kazini

Sala ya kufungua kikao ni desturi ya ofisi nyingi za jiji hili, na haina ubaya. Ubaya huanza pale daftari la mahudhurio linapowekwa kwenye sala ya saa moja na nusu asubuhi, na asiyekuja akaandikwa mchelewaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya dini. Kinachoruhusiwa ni sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Kwa usomaji wetu, shule ya kanisa inaweza kudai mwalimu wa dini awe muumini, lakini ni vigumu kuona kwa nini dereva au mhasibu wake adaiwe vivyo hivyo.

Anza kwa barua fupi kwa meneja, yenye tarehe, ukieleza kwamba utafika kazini saa ile ile ila hutashiriki sala, na ubaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Ukiachishwa kazi, una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1. Kwa malalamiko mengine ni siku 60. Watu hupoteza haki hapa kuliko popote, kwa sababu wanasubiri mjomba aongee na bosi, miezi mitatu inapita, kisha wanalazimika kuomba kuongezewa muda kwa sababu ambazo Tume inaweza isizikubali.

Ulimi

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamtia hatiani anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwenzake, na kifungo chake ni mwaka 1. Kuvuruga ibada halali ni kosa jingine. Kusema "mimi siamini" si kosa. Kurusha dhihaka juu ya Yesu kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, asubuhi ya Ijumaa Kuu, huku ukijua shangazi zako wamefunga, kunakaribia sana kusudi hilo.

Upande wa pili nao una mshale wake. Zaburi 14:1, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu", hutumwa kwa asiyeamini kama salamu. Neno la Kiebrania lililopo hapo, nabal, linamlenga mwenye mwenendo mbovu kuliko asiye na akili, na zaburi inaendelea kueleza matendo yao maovu. Ukimtumia mpwa wako anayelipa kodi ya nyumba ya bibi yake, umemtukana yeye na umelipunguza andiko.

Kwa salamu, lugha yetu imeshatupa njia. Asiyependa kuitikia "Bwana Yesu asifiwe" aanze yeye na "Shikamoo, mama", kwa sauti ya furaha. Hakuna mama wa Dar es Salaam atakayekosa kuitika marahaba.

Msiba

Kosa kubwa kuliko yote ni kuweka matakwa ya mazishi ndani ya wosia peke yake. Wosia mara nyingi hufunguliwa baada ya arobaini, marehemu ameshazikwa kwa ibada aliyoikataa, au hakupata ile aliyoitaka. Andika wosia wa mali, na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, hupokea na kuhifadhi wosia. Kisha andika karatasi ya pili ya mazishi, iwe na saini, tarehe na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Mpe nakala mwenzi wako na mtu atakayekuwa na nguvu ya kusema kwenye kikao cha familia, ambaye aghalabu ni baba mdogo au kaka mkubwa, awe muumini au asiwe. Iseme mambo matano tu: nizikwe wapi, nani aongoze, ibada iwepo au isiwepo, nani asome wasifu, na jamaa zangu Wakristo wanaruhusiwa kufanya nini.

Hilo la mwisho ndilo linalozuia fujo. Kanisa Katoliki lenyewe huwanyima mazishi ya kanisa walioikana imani hadharani bila dalili ya toba, kwa hiyo familia inayomlazimisha padri inaweza kurudishwa getini mbele ya waombolezaji. Wafiwa hawakatazwi kusali. Wanajumuiya wanaweza kuja jioni ya matanga, wakaimba na kuwaombea wafiwa, na jeneza likaondoka nyumbani kesho yake kwa wasifu na salamu, kuelekea makaburi ya manispaa ambako haulizwi mtu kadi ya usharika. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, kwa kuwa mirathi haiendi bila cheti.

Mara nyingi zaidi mambo huwa kinyume: anayekufa ni mama Mkristo, na kifungua mimba wake haamini. Hapo matakwa ni ya mama. Mtoto abebe jeneza, asome wasifu, alipie kwaya na maturubai, asimame watu wanaposimama. Komunyo asiende kupokea, na padri hatashangaa. Akipewa msalaba autangulize mbele ya jeneza na moyo ukamgomea, amwombe mdogo wake aushike usiku ule wa kikao, kabla ya gari la maiti kufika.