Kibanda cha La Bollente si cha Warumi

Wengi huamini kwamba kibanda cha marumaru kilichosimama juu ya chemchemi ya La Bollente, mjini Acqui Terme kaskazini mwa Italia, kilijengwa na Warumi wa kale. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa nguzo na paa lake la pembetatu vinafanana na hekalu la kale, na maji yenye joto la nyuzi 75 hivi hutoa mvuke unaokifunika asubuhi za baridi. Hata hivyo, kibanda hicho kilijengwa mwaka 1879.

Kilicho cha kale ni matumizi ya maji yenyewe. Warumi waliuita mji huo Aquae Statiellae, yaani maji ya Wastatielli, kabila lililoishi huko kabla yao. Anayetaka kuona kazi ya mikono ya Warumi na aende kando ya mto Bormida, ambako nguzo na matao ya mfereji wao wa maji yangali yamesimama, mawe yake yakiwa yameliwa na mvua na upepo. Mimi huyaona mazuri kuliko marumaru yote ya mjini.

Hata msomaji aliye mbali anaweza kuhakiki. Atafute mwaka wa ujenzi, si umri wa chemchemi, na apime maneno: “kwa mtindo wa Kirumi” hueleza sura ya jengo tu, ilhali “la enzi ya Warumi” hutaja wakati lilipojengwa.