Skrubu haikulika yenyewe

Juma lililopita kijana anayejifunza kazi kwangu hapa Ngamiani aliniletea skrubu ya bawaba iliyokwisha kichwa. Msalaba haupo tena. Limebaki shimo la mviringo, linang'aa ndani kama kikombe kilichosuguliwa. "Fundi, skrubu za siku hizi mbovu," akasema. Nikamwambia, "Hebu nipe na hiyo biti, mwanangu." Biti ni ile ncha ya bisibisi inayofungwa kwenye mashine ya kukazia. Pembe zake zote nne zilikuwa zimelika, na juu yake imetanda kutu laini, nyekundu, ile inayobaki kidoleni ukiigusa. Skrubu ilitoka dukani nzima. Biti ndiyo iliyoila.

Nimeshika bisibisi miaka mingi katika mji huu wa Tanga, na maneno ni yale yale kwenye mabenchi ya maseremala, kwa mafundi wa jipsamu na kwa vijana wa pikipiki. Mengi si kweli. Biti ni kitu cha bei ndogo, lakini mlango wa mninga uliochubuliwa na ncha iliyoteleza hauna bei ndogo, na mwenye mlango hakuiti tena.

"Nyota ni nyota tu"

Hili ndilo linaloharibu kazi kuliko yote. Msalaba tunaouita nyota uko wa aina zaidi ya moja. Uliotangulia kuenea ni wa Phillips, uliopewa jina la Henry F. Phillips wa Portland, Marekani, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Magari ya Cadillac yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuutumia. Kuta za msalaba huo zimelala kidogo na kujikusanya kuelekea chini, kwa hiyo kadiri unavyokaza ndivyo ncha inavyosukumwa nje. Ndiyo maana unalazimika kuegemea mashine kwa uzito wa bega. Biti yake huandikwa PH.

Baadaye ikaja Pozidriv, alama yake PZ. Kuta zake zimesimama zaidi, na ncha ina mabawa madogo manne kati ya yale makubwa. Skrubu yake utaitambua kwa vistari vinne vyembamba kichwani, vilivyochorwa katikati ya mikono ya msalaba. Skrubu nyingi za kabati za chipubodi ni za PZ. Zile nyeusi za jipsamu ni za PH.

Tia PH ndani ya skrubu ya PZ: itaingia, itakaza hata skrubu mbili tatu, lakini inacheza. Mchezo huo mdogo ndio unaokula kuta. Tia PZ ndani ya skrubu ya PH: haifiki chini, inasimama juu juu, na ukibonyeza mashine inaruka. Wanaofungua pikipiki na magari ya Kijapani wana la kwao zaidi, maana Wajapani wana msalaba unaofanana na Phillips lakini si huo. Mara nyingi kichwa cha skrubu kina kidoti kimoja pembeni. Ncha ya PH haishuki sawasawa humo. Fundi anadhani skrubu imeshika kutu, anatafuta nyundo, kumbe ufunguo si wake.

Namba nayo si pambo. Skrubu za mbao za unene wa milimita 3.5 hadi 5, ambazo ndizo tunazozimaliza kila siku, zinataka namba 2. Nyembamba kuliko hizo zinataka 1, nene zinataka 3. Namba 1 ndani ya kichwa cha namba 2 inazunguka kama kijiko ndani ya bakuli.

Mimi dukani huenda na skrubu mfukoni. Natia biti kichwani mwa skrubu, halafu nailaza biti iwe sawa na sakafu, pasipo sumaku. Ikiwa ni yake na imechongwa vizuri, skrubu hubaki imening'inia, haianguki upesi. Kisha naizungusha kidogo kwa vidole, huku na huku. Ikigota papo hapo, nalipa. Ikitembea kwanza ndipo igote, narudisha. Muuza duka mwenye bidhaa nzuri hakasiriki, na wa Barabara ya Kumi na Mbili ninayemwendea mimi sasa hunitolea mwenyewe.

"Chuma kigumu zaidi ndicho bora"

Glasi nayo ni ngumu. Biti inahitaji ugumu wa kutolika na ustahimilivu wa kupindika kidogo bila kukatika, na mambo hayo mawili yanavutana. Nyingi zilizo nzuri hutengenezwa kwa chuma cha zana kinachoitwa S2, kilichobuniwa kustahimili mishtuko. Bisibisi za mkono nyingi ni za chuma kilichochanganywa na kromu na vanadiamu, zinatosha kabisa kwa mkono, ila ncha zake mara nyingi huchoka upesi zikifungwa kwenye mashine.

Wenye mashine za kugonga, zile zinazolia ta-ta-ta wakati wa kukaza, watazame shingo ya biti. Biti za mashine hizo huwa na kiuno chembamba kati ya shina na ncha. Wengi hukiona kama udhaifu, wakachagua nene. Kiuno kile kimewekwa kijipinde kidogo kila pigo, ili pigo lisiishie kwenye ncha. Biti fupi nene ya milimita 25, ngumu tupu, hukatika kwenye mashine ya kugonga, na kipande kikirukia jichoni si mchezo.

Na kabla ya kulaumu biti kwa kukatika ndani ya mtiki wa shamba la Longuza au mninga mkavu, toboa kwanza tundu dogo kwa keekee, upake uzi wa skrubu sabuni ya mche. Mbao zile haziombwi kwa nguvu.

"Ya dhahabu haiishi"

Rangi ya dhahabu kwenye biti ya kweli ni titani naitraidi, utando mwembamba mno, wa maikroni chache tu, unaopunguza kulika. Chini yake chuma kikiwa laini, utando hausaidii kitu. Nyingine ni rangi tupu: ikwangue kwa ncha ya kisu pembeni, uone inavyobanduka.

"Sumaku inaleta kutu"

Hailegezi chuma wala haiongezi kutu. Inachofanya ni kukusanya unga wa chuma, na unga huo ukibaki kwenye ncha unashika unyevu na kuikosesha biti kukaa chini ya msalaba. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye ncha, ubandue, unga unatoka nao; dakika moja imekwisha.

"Ina kromu, haishiki kutu"

Hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo Tanga inapotushinda. Chuma kisichoshika kutu kinahitaji kromu isiyopungua asilimia 10.5. Chuma cha kromu na vanadiamu kina asilimia moja hivi. S2 ya kawaida haitegemei kromu kabisa. Zote zinaliwa.

Hewa yetu ina chumvi. Wenye karakana Raskazoni na Sahare, kando ya bahari, wanaijua kwa macho, maana bawaba mpya huchanua kutu kabla ya msimu kwisha, lakini hata Ngamiani upepo unaifikisha. Chumvi hiyo hutua juu ya chuma ikakaa kimya. Kisha unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida hunywa maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Asubuhi za masika hupita hapo bila shida. Kwa hiyo biti yako imelowa ingawa hukuimwagia tone.

Wazee wetu wa kazi walitufundisha kuzamisha zana kwenye oili chafu. Nawaheshimu, lakini hapo nimeachana nao. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini imebeba asidi, maji na vumbi la chuma, na si nzuri kwa ngozi ya mikono. Mafuta ya cherehani ni bora: tone moja kwenye kitambaa kikavu, pitisha, basi. Usiloweshe. Na kabla ya kukaza futa ncha, kwani mafuta ndani ya msalaba ni utelezi.

Kingine kinachopendwa ni kuzifunga biti ndani ya sponji au mfuko wa ngozi ili "zipumzike". Sponji inashika maji kama mtungi. Ngozi hubaki na chumvi na dawa za kuilainishia. Sanduku la mbao mbichi nalo linatoa mvuke wenye asidi. Mimi natumia mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, kila biti katika tundu lake ili ncha zisigongane, na ndani naweka vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Watu hudhani vifuko hivyo vinafanya kazi milele. Vikishashiba maji vimekwisha, na jua la uwanjani halitoshi kuvikausha, vinataka joto la nyuzi mia na zaidi. Mimi navibadilisha kila nipatapo vipya.

"Nitainoa kwa tupa"

Ncha bapa unaweza kuirudisha, taratibu, ukiipoza majini kila mara. Ikigeuka bluu kwenye mashine ya kunolea, ugumu wake umekwenda. Ncha ya msalaba hainoleki. Ukipunguza popote umebadili umbo lake, na umbo ndilo ulilolinunua. Pembe zikishakuwa mviringo, itupe siku hiyo hiyo; ukiirudisha mkebeni kesho itashikwa na mtu mwenye haraka.

Ile bawaba tuliifungua kwa plaizi, tukaweka skrubu mpya. Kijana akaitazama kichwani, akaona vile vistari vinne, akachukua PZ2 bila kuambiwa. Ikaingia moja kwa moja hadi kichwa kikalala sawa na shaba ya bawaba. Akachomoa biti, akainua pindo la shati aifute.

"Si kwa shati," nikamwambia. "Lina jasho."

Akaenda kuchukua kitambaa.