Mwaka wa kujitolea Ujerumani unapoisha: yanayosemwa na ukweli wake

Vijana wa Tanzania, Kenya, Rwanda, Uganda na Kongo wanaokwenda Ujerumani kujitolea mara nyingi hupangiwa nyumba wanamoishi watu wenye ulemavu wa akili au wa viungo, au karakana wanamofanyia kazi watu hao. Wako wanaopelekwa na makanisa yao kupitia UEM, umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani wenye ofisi mjini Wuppertal. Wako wanaopitia weltwärts, programu ya serikali ya Ujerumani iliyoanza mwaka 2008 kwa kuwatuma vijana wa Kijerumani nje, kisha baadaye ikafungua njia na wa huku waende kule. Wakishafika, wengi huingizwa kwenye utaratibu wa taifa wa kujitolea ulioanza tarehe 1 Julai 2011. Mwaka huo Ujerumani ilisitisha jeshi la lazima, na pamoja nalo ukafa utumishi wa kiraia wa vijana waliokataa kushika silaha, ambao kwa miaka hamsini ulikuwa ukizipatia nyumba hizo vijana wa kusukuma viti mwendo, kulisha na kuogesha. Kwa hiyo tunapoambiwa "tumewapa vijana wenu nafasi", tukumbuke kwamba na wao walikuwa na pengo.

Juu ya kwenda, maelezo yamejaa. Juu ya kumaliza watu huambizana tu kwenye magrupu ya WhatsApp, na mengi wanayoambizana yana kasoro.

"Ondoka kimya kimya, ukiaga watalia"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na kwangu ndio mbaya kuliko yote. Tumelelewa nao: mama anayesafiri humtoroka mtoto kwa mlango wa uani, mtoto akilia anaambiwa mama kaenda dukani. Matokeo yake ni kwamba mtoto huyo, mama akirudi, hamwachii upindo wa kanga hata aende chooni.

Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili aliyeishi kwenye nyumba hizi miaka ishirini ameshuhudia watu wengi wakija na kuondoka. Wanaojitolea hubadilishwa karibu kila mwaka, aghalabu mwezi wa nane au wa tisa. Kila mmoja alimwogesha, alimvalisha, alijua wimbo anaoupenda, halafu siku moja hayupo. Asiyeweza kusema "yuko wapi yule?" huuliza kwa njia nyingine: anagoma kula, halali usiku, anajipiga kichwani, anamng'ata mgeni aliyeingia zamu. Wafanyakazi huandika kwenye daftari la zamu kwamba tabia imebadilika. Haikubadilika tabia, ameachwa bila kuambiwa.

Kuaga ni sehemu ya kazi, na huanza wiki kadhaa kabla ya ndege. Njia inayotumika sana ni kalenda ya picha ukutani, iwekwe pale mkazi anapopita kila asubuhi: karatasi moja inabanduliwa kila siku, na mwisho wake kuna picha yako na picha ya ndege. Mrithi wako akishafika, fanyeni zamu kadhaa pamoja. Mkazi akuone ukimwonyesha mwenzako jinsi unavyomshika mkono wakati wa kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti mwendo, ili ajue kwamba ujuzi huo unabaki hata wewe ukiondoka. Siku ya mwisho iwe na keki, iwe na picha ya pamoja, na kama mkazi anataka kukupa kitu, hata kipande cha karatasi alichochora, pokea kwa mikono miwili. Akilia, amelia. Kulia hakujamdhuru mtu. Na kama hakulia, wala hakuonyesha dalili yoyote, usijione hukupendwa. Wengine huzuni yao hutoka baada ya wiki tatu, na wewe hutakuwepo kuiona.

Yale unayoyajua wewe peke yako yaandike. Faili la mkazi litasema ana shida ya kumeza na kwamba vinywaji vyake vitiwe unga wa kuvifanya vizito, visije vikaingia mapafuni. Halitasema kwamba anakunywa vizuri kikombe kikiwa upande wa kushoto na redio ikiwa imezimwa. Hayo yakibaki kwenye simu yako, mrithi ataanza upya, na anayeumia ni mkazi.

"Nitakupigia kila Jumapili"

Hii dhana ni yetu wenyewe tunaoondoka. Tunaamini ahadi kubwa ndiyo upendo mkubwa. Lakini wako wakazi ambao kwao Jumapili ni Jumapili. Watakaa karibu na simu kila wiki, na wewe mwezi wa pili umerudi Mbeya, unatafuta kazi, bando limekwisha. Ahidi kidogo unachokiweza. Kadi ya posta moja kwa mwaka, ya siku yake ya kuzaliwa, yenye picha ya Mlima Kilimanjaro au ya meli ya Ziwa Viktoria, hushikwa mkononi, huonyeshwa kwa kila anayeingia na hubandikwa ukutani.

Na picha ulizozipiga? Watu hudhani mkataba ukiisha na wajibu wa kutunza siri umeisha. Haukuisha. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa za watu, inayotumika tangu Mei 2018, haimsahau mkazi kwa sababu wewe umepanda ndege. Ili kuweka picha yake mtandaoni unahitaji ridhaa yake, na kama mahakama imemwekea msimamizi wa mambo ya aina hiyo, yake huyo pia. Sheria kando, kuna adabu. Nimeona wanaume wa miaka hamsini, wenye ndevu na mvi, wakiwekwa Facebook kwa jina la "malaika wangu". Jiulize kama ungemwita hivyo mjomba wako.

"Ulaya mwaka mzima, atakuwa amerudi na chochote"

Baba mdogo hataanza kwa kuuliza ulijifunza nini. Kwa hiyo tumweleze hesabu. Anayejitolea hapati mshahara, anapata posho. Posho hiyo ina kikomo kinachopangwa na serikali, na mwaka 2025 kikomo kilikuwa euro 644 kwa mwezi. Hicho ni kikomo. Vituo vingi hutoa chini ya hapo, hasa vinavyotoa chumba na chakula. Nauli ya treni, koti la baridi, vocha, na ule mchango wa harusi ya binamu ambao nyumbani hawakuona sababu ya kukusamehe, vyote hutoka humo. Anayerudi na simu nzuri na mabegi mawili hajaficha kitu.

Uvumi mmoja unawapotezea watu muda, na wakati mwingine pesa. Husemwa hivi: "Subiri miaka miwili baada ya kuondoka, uombe urudishiwe pensheni yako." Kwa aliyefanya kazi ya mshahara Ujerumani, akarudi nchi isiyo na mkataba wa hifadhi ya jamii na Ujerumani, neno hilo lina ukweli: baada ya miezi 24 anaweza kuomba. Ila kinachorudishwa ni ile sehemu iliyokatwa kwenye mshahara wake yeye. Katika mwaka wa kujitolea hukukatwa hata senti. Michango yote ya pensheni, bima ya afya na mengineyo ililipwa na kituo. Basi hakuna cha kurudishiwa. Dalali anayekudai "ada ya kufuatilia" anauza upepo.

"Sasa wewe ni mtaalamu", na "si ulikuwa unaogesha watu tu?"

Kauli hizi mbili zinapingana na zote si kweli. Mwaka mmoja haukufanyi mtaalamu. Mjerumani anayetaka kufanya kazi ya kuwalea na kuwasaidia watu wenye ulemavu kama fani yake husomea, kwa kawaida miaka mitatu, na wewe ulikuwa chini ya usimamizi wake. Lakini kuogesha nako si "tu". Kumwogesha mtu mwenye mwili uliokakamaa bila kumwumiza, kumwacha afanye mwenyewe kile anachoweza hata kama kinachukua nusu saa, kumfunika pale pasipohitaji kuwa wazi, ni ujuzi, na wengi wenye vyeti vikubwa hawana.

Ujuzi huo udai uandikwe. Sheria ya utaratibu huo wa kujitolea inakipa kituo wajibu wa kukuandikia, mwishoni, barua inayoeleza kazi uliyofanya, muda wake, utendaji wako na mwenendo wako. Usikubali karatasi yenye tarehe mbili na muhuri peke yake. Isome na mtu anayezijua barua za kazi za Kijerumani kabla hujasaini chochote, maana zina desturi yake: sentensi inayosema "alijitahidi" huko ni lawama iliyovishwa nguo nzuri. Omba pia nakala ya Kiingereza wakati mratibu bado anakukumbuka. Ukishafika nyumbani, barua pepe za kuomba nakala huchelewa kujibiwa.

Anayetaka kuendelea na fani hii ana mahali pa kwenda bila visa. Chuo cha ualimu Patandi, Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Kwenye hospitali ya KCMC pale Moshi kuna mafunzo ya tiba kwa vitendo (occupational therapy), na TATCOT, iliyoanza mwaka 1981, hufundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Kenya wana KISE, taasisi yao ya elimu maalumu, tangu mwaka 1986.

"Aliyerudi ameshindwa"

Dhana hii ina pacha wake, kwamba ukikaa tu kibali kitageuka chenyewe. Hakigeuki. Kibali cha kujitolea kimefungwa kwenye kazi ile, na kazi ikiisha nacho kinaisha. Njia ya halali ya kubaki ipo, na wengi wameipita: unapata mkataba wa mafunzo ya kazi, kwa mfano uuguzi, unakuwa na Kijerumani cha kutosha (kwa uuguzi usitegemee chini ya B2, ngazi ya nne kati ya sita za kupima lugha), na unawasilisha maombi ofisi ya wageni kabla kibali ulichonacho hakijaisha. Anayeanza kufikiria haya mwezi wa kumi na mbili amechelewa.

Anayerudi naye ana orodha yake. Ajifute kwenye daftari la wakazi la manispaa, kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada yake. Afunge akaunti ya benki, avunje mkataba wa simu, na ajitoe kwenye ada ya redio na televisheni kama ilisajiliwa kwa jina lake. Madai ya Kijerumani hayachoki kuandika barua.

"Wenzetu tatizo hili wamelimaliza"

Hapa aliyerudi ndiye mwenye makosa. Anashuka uwanja wa ndege akiwa na mahubiri: kule mabasi yana kibao cha kupandishia kiti mwendo, huku tunaficha watoto ndani. Mabasi ni kweli. Ndani ya nyumba zetu kuna yanayotia aibu, nayo ni kweli; wako hadi leo wanaoamini kwamba mtoto mwenye usonji amerogwa. Lakini historia ya kule isikatwe nusu. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941 serikali ya Hitler iliwaua kwa gesi zaidi ya watu 70,000 wenye ulemavu na wagonjwa wa akili katika vituo sita, na mabasi yaliyowachukua yalikwenda kuwachukua kwenye nyumba zilezile za kulelea. Kituo kimoja, Hadamar, leo ni mahali pa kumbukumbu.

Wala si mambo ya kale peke yake. Hadi mwaka 2019 Wajerumani zaidi ya 80,000, wengi wao watu waliowekewa msimamizi wa mambo yao yote, walizuiwa kupiga kura za kitaifa. Mahakama ya Katiba ndiyo iliyoamua kwamba kizuizi hicho kinapingana na katiba, kisha bunge likakifuta. Na zile karakana ulizozipenda zina watu wapatao 300,000 wanaolipwa chini kabisa ya kima cha chini cha mshahara. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu imeikosoa Ujerumani juu yake mwaka 2015 na tena 2023.

Huku nako hatuanzi sifuri. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Inatekelezwa? Kwa kusuasua sana. Lakini wanaoidai wapo, na wengi wao ni watu wenye ulemavu wenyewe, katika vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania. Kabla hujaandika mradi wa "kuelimisha jamii" kwa Kiingereza kizuri na kuutuma kwa wafadhili wa Wuppertal, nenda kwenye mkutano wao, kaa kiti cha nyuma, usikilize wanataka nini.

Na kama kuna mama wa jirani mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, huhitaji mradi. Watoto wengi kama hao hulishwa wakiwa wamelala chali mapajani, uji unapitiliza, wanakohoa, wanapata homa ya mapafu. Wewe kwa mwaka mzima umelisha watu wakiwa wameketi wima, kichwa kimeinamishwa kidogo mbele, kijiko kimoja kimoja, ukingoja cha kwanza kimezwe. Mwombe mama ruhusa, umwonyeshe.