Video ikieleweka, si lazima somo limeingia

Wazazi wengi hapa Dar tunaamini kwamba video fupi ikiwa safi, mwalimu akiongea taratibu na michoro ikionekana vizuri, basi mtoto ameelewa. Imani hii si sahihi.

Juzi jioni hapa Temeke, binti wa jirani alitazama video ya dakika sita kuhusu kani, yaani msukumo au mvuto unaobadilisha mwendo wa kitu. Akasema ameelewa. Nikampa chungwa, nikamwambia alirushe juu. "Likiwa linapanda, kani gani inalisukuma?" Akajibu bila kusita: "Ya mkono wangu."

Lakini mkono umeshaliachia! Tukiacha upinzani mdogo wa hewa, kani iliyobaki ni uvutano wa dunia tu, nao unalivuta chini muda wote, hata linapopanda. Linapanda kwa sababu lilitoka mkononi likiwa na kasi tayari. Uvutano unaipunguza hadi linasimama, kisha linarudi.

Derek Muller, mtafiti wa ufundishaji wa fizikia kwa video, alichunguza jambo hili katika tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Sydney, 2008. Wanafunzi walioonyeshwa maelezo yaliyonyooka waliyasifu na wakazidi kujiamini, ila majibu yao hayakubadilika sana. Waliojifunza zaidi ni wale ambao video yao ililitaja kosa lenyewe na kulisahihisha, ingawa iliwachosha akili.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, simamisha video kabla jibu halijatoka. Muulize anadhani nini kitatokea, aandike daftarini, ndipo aendelee kutazama.