Dakika za mwanzo: maswali kuhusu huduma ya dharura kabla ya kufika hospitali

Kwa nini tusimpakie majeruhi kwenye bajaji tukimbie Muhimbili?

Asiyepumua, ubongo wake huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Kutoka Kimara hadi Upanga, iliko hospitali ya Muhimbili, wakati wa foleni, nani ataziwahi? Tena bajajini aliyezimia hukalishwa, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inaziba. Watasema kafia njiani kwa majeraha, kumbe kaponzwa na mkao.

Timu ya dharura hufanya nini hapo hapo?

Hewa na damu kwanza. Hufyonza matapishi kwa mashine, huinua taya, huweka oksijeni. Damu ya mguuni ikiruka kwa mapigo, hufunga mkanda wa kubana sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti lenyewe, na kuandika saa ulipofungwa. Paja lililovunjika hunyooshwa na kufungwa gango, maana linaweza kuvujisha lita 1 na zaidi ndani kwa ndani bila tone kuonekana, na mtu mzima ana lita 5 tu hivi. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 mshipani kwa dakika 10, huzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Zikipita saa 3 tangu ajali, haianzishwi tena.

Ndugu hupenda kuona dripu ikikimbia. Kwa anayevuja damu, maji mengi ya chumvi huizimua ikashindwa kuganda.

Kumbe kazi yao inaishia kwenye gari?

Hapana, kuna simu. Hospitali ikiambiwa mapema umri, chanzo, majeraha, presha na dakika zilizobaki, damu ya kundi O na chumba cha upasuaji huandaliwa kabla gari halijaingia getini. Na wao ndio huamua pa kwenda: aliyeumia kichwa anahitaji penye wapasuaji wa ubongo, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), asije akazungushwa kwa rufaa.

Na sisi tulio karibu?

Kanga safi juu ya jeraha, kandamiza kwa kiganja dakika 10 bila kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu, kichwa na mwili vigeuzwe pamoja. Asiyepumua, kandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Maji na soda, hapana: vitampalia.

PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, je?

Aliye hatarini atibiwe kwanza. Fomu ataifuata ndugu polisi.